Picha ya Mkwe Nisiyemtazama

Kamera aliyoniachia marehemu mume wangu ni ya kukunja. Ikifungwa, unaweza kudhani ni kitabu cha nyimbo cha kanisani. Ukibonyeza kitufe, mlango unaanguka na lenzi inatoka mbele ikivuta mvukuto wake wa ngozi. Aliinunua kwa mfanyabiashara wa ng'ambo ya Mto Songwe, akanifundisha kila kitu, kwa sababu kwenye harusi alizokuwa akipiga picha walikuwapo akina mama waliomwonea haya, na hao niliwapiga picha mimi. Shule sikusoma sana, lakini namba za kamera ile nazijua, na majina ya watu waliosimama mbele yake ninayo kichwani hadi leo.

Jina la mmoja silitamki. Ni baba mkwe wangu mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na baba yake mume wangu. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtaji mkwe wake wa kiume, hamtazami, wala haketi naye mahali pamoja. Akija kwa njia hii, mimi napinda ile. Wake wa wajukuu zangu siku hizi wanakula na wakwe zao meza moja. Siwasemi. Mimi niliolewa na mila yangu na nimezeeka nayo.

Mwaka jana mzee huyo, wa mwisho kubaki katika wakwe zangu, alianza kuishiwa nguvu. Akamwita wifi yangu, dada ya mume wangu, anayemtunza kule Katumba Songwe.

"Kaka yangu yuko ukutani," akamwambia. "Mimi nikifa nitakuwa wapi?"

"Baba, nikupige picha kwa simu sasa hivi."

"Ya simu inaishia humo humo kwenye simu. Nataka ya kamera ya mwanangu. Ya karatasi."

"Mwenye kamera tulishamzika, baba. Anayeijua ni mkewe tu."

Mzee akasema, "Mtajua wenyewe, wanawake."

Wifi akanipigia simu huku Mbugani, anacheka. "Umeisikia kazi hiyo? Utafanyaje?"

"Nitapiga," nikamjibu.

Sikuwa najua nitapigaje, ila nilijua kwamba mtu hawezi kutoka duniani akiwa anaulizia ukuta, na dawa ya swali lake iko kabatini kwangu. Filamu, zile pana za karatasi nyuma, niliagiza Dar, zikaja na basi. Nikajifungia chumbani, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikaingiza tochi ndani ya mvukuto. Kwenye kona mwanga ukapenya. Pale pote nikapaka gundi na kubandika kitambaa cheusi, nikarudia mpaka giza likakubali.

Siku yenyewe nilipanda bodaboda, kamera nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Mzee akiwa bado ndani, nikaweka kiti uani, pembeni ya mkeka wa kakao inayokauka, na mbele yake nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Nikapima umbali kwa kanga toka lenzi hadi kitini, nikapanga mwanga, nikafunga waya mrefu wa kufyatulia. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya ua wa matete, waya mkononi. Mzee akatolewa, akakalishwa.

"Amekaa?" nikanong'ona.

"Amekaa vizuri."

Nikafyatua. Wifi akamsitiri mzee kwa kanga, nikatoka nimeinamisha kichwa, nikasogeza filamu, nikarudi mafichoni. Nikafyatua ya pili. Hapo moyo ukanituma kuuliza.

"Wifi, anatazama kamera?"

"Atazame kamera, na wewe uko huku?"

"Anatazama wapi?"

"Migombani. Si ndiyo heshima?"

Nilitaka kumpiga kofi. Tangu alipoketi, mzee ameigeuzia kamera kisogo na sikio, na wifi anaona amekaa vizuri, maana mbele ya mkwe ndivyo mtu anavyokaa vizuri.

"Mwambie kamera haina mtu. Mimi niko nyuma ya matete."

Wifi akamwambia kwa sauti, ingawa mzee alikuwa hatua chache tu na masikio yake ni mazima.

"Si ameshika kamba yake?" mzee akamjibu. "Jicho lake limo humo."

"Jicho analo mwenyewe, baba."

"Basi aende nalo mbali."

Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka ziwani, na wifi akaja kuninong'oneza kwamba mzee ameanza kuchoka, anataka kurudi ndani. Akiingia ndani leo, hatatoka tena. Nikasema haingii mtu ndani bado. Akamsitiri tena kwa kanga, nikatoka, nikafungua ule waya. Kamera ile ina kijiti cha kujifyatulia: ukikisukuma kinalia kama nyuki, kisha inajipiga yenyewe. Nikasogeza filamu, nikakoki kifyatulio, nikamwonyesha wifi kijiti cha kusukuma.

"Na atajuaje kwamba umeondoka?"

"Atanisikia."

Nikapita katikati ya mikakao hadi kwa jirani, nikamwomba kinu chake. Alikuwa na karanga. Nikashika mchi nikaanza kutwanga. Nilikaa boma moja na mzee yule tangu nilipokuwa bibi harusi. Hajawahi kuuona uso wangu vizuri, lakini mtwango wangu anaujua. Nikatwanga kwa nguvu zote za bibi kizee, jirani ananishangaa, mpaka wifi akaja kuniita.

"Ametazama?"

"Kilipolia kile kinyuki, akakikazia macho."

Filamu ikarudi Dar kusafishwa. Bahasha iliposhuka stendi ya Kyela, wifi ndiye aliyefungua. Ya kwanza sikio, ya pili sikio. Ya tatu akaiinua usawa wa macho, kisha akanisogezea.

"Tazama, wifi. Karatasi si mkwe."

"Kwako si mkwe," nikasema, nimegeukia pembeni.

Lakini kazi yangu nilitaka kuijua. Nikamwomba ile filamu yenyewe, iliyorudi pamoja na picha, nikaiinua juani. Kwenye filamu hakuna mtu anayefanana na mtu: nyeusi ni nyeupe, nyeupe ni nyeusi. Nikaona misuko ya kiti, moja moja. Nikaona vifungo vya shati. Juu yake kulikuwa na uso unaong'aa, umenielekea moja kwa moja, mvi zimekuwa nyeusi tii kama za kijana anayekwenda kuposa.

Nikamrudishia. "Imetoka kali," nikasema. "Mpelekee kabla ya mvua."