Loisi wa Mkonze, Mfariji Asiye na Machozi

Alizaliwa Mlali, wilaya ya Kongwa, mwaka 1969, binti wa Nathanaeli mkulima wa uwele, akabatizwa Loisi. Aliolewa Mkonze na Zablon, na huko ndiko Mungu alikomwitia kazi ya kufariji wafiwa. Palipolia mtu, Loisi alikuwa ameshafika, khanga begani.

Mwaka 2009 baridi yabisi ilimshika. Asubuhi vidole havikunjiki, magoti yamevimba, ndoo ya maji hainyanyuki. Miaka ikapita, likaja la pili juu ya la kwanza: macho yakawasha kama yametiwa mchanga, kinywa kikakauka, ugali haushuki bila maji. Daktari mjini Dodoma alimweleza kwamba kinga ya mwili wake, iliyopaswa kumlinda, imemgeukia. Ilianza na viungo, sasa inakula tezi za machozi na za mate. Dawa ya kutuliza ipo, ya kuponya hakuna.

Ndipo mwaka 2016 Zablon akafariki. Loisi alikaa mkekani macho makavu, na watu wakamtazama. Wifi yake, Gladness, akasema mbele ya waombolezaji, "Mke gani halii? Asiyelia ni mchawi." Loisi alipoeleza habari za ugonjwa walimcheka, wakauliza ni ugonjwa gani huo unaochagua siku ya msiba. Tangu hapo hakuitwa tena kufariji mtu, na watoto walikatazwa kupokea kitu mkononi mwake. Njiani aliwasalimu wasiomwitikia.

Mwaka 2021 Gladness alimzika Aneth, mwanawe wa pekee. Matanga yalipoanuliwa watu wakatawanyika, nyumba ikabaki kimya, mama hali wala halali. Loisi akaja na fimbo yake, akajishusha sakafuni kwa taabu. Gladness akamuuliza amefuata nini, naye hata machozi hana.

"Machozi sina, wifi," akasema Loisi. "Kukaa ninako."

Akakaa, wala hakuondoka mpaka Gladness alipoomba uji. Waumini hulihesabu hilo kuwa ajabu lake la kwanza.

Alifariki Agosti 2023, ugonjwa ulipofika mapafuni. Aliomba kupona, hakupona, na sababu Mungu anaijua. Kaburini Gladness alisimama akasema, "Nilimwita mchawi. Siku ya Zablon nililia kuliko wote, na mjane nikamwacha peke yake mkekani."

Leo Mkonze, matanga yakishaanuliwa, mwanamke mmoja hubaki na mfiwa. Tumuige Loisi, ndugu zangu. Mfiwa usimkague macho, kaa naye.