Mguu Unaojulikana Mpaka Ludara

Saa mbili asubuhi, Kulusum Nasuru anakaa barazani kwake mjini Arua, anavaa ndala mpya mguu wa kulia na kuunyoosha juani. Binti yake, Shamim, anapiga picha. Dakika chache baadaye picha iko kwenye simu za wanawake wa Mvara, Ombaci na Koboko.

Si mguu wa kutangazia biashara, jamani. Kisigino kina nyufa, hina imefifia, na kidole cha mwisho kimepinda tangu kilipoangukiwa na mchi wa kutwangia. Lakini mguu huo ndio unaomlisha.

Mama huyu wa miaka arobaini na minane ana miaka mitatu akiuza viatu kwa simu. Wateja wake hawaulizi namba ya kiatu.

"Wanauliza, 'Inafinya kidole yako?' Nikisema hapana, wanasema, 'Leta.' Ingine anasema, 'Mimi nataka ndogo kidogo kupita yako,'" anasimulia huku akicheka.

Wiki mbili kabla ya Idi iliyopita, Shamim aliuonea haya mguu wa mama yake. Akatafuta mtandaoni picha za ndala zilezile kwenye miguu laini yenye kucha zinazong'aa, akazituma.

Simu ikanyamaza. Siku moja, mbili, nne. Mtaji wote wa Kulusum ulikuwa ndani ya boksi moja la ndala za sikukuu, na Idi ikishapita, nani angezitaka?

Siku ya tano ukaingia ujumbe wa sauti wa mteja wake Stella Kiden, mkulima wa Ludara, huko Koboko, ambaye hawajawahi kuonana naye: "Mama Shamim, iko mzima? Hii mguu ni ya nani? Mimi hapana tuma pesa kwa mutu sijui."

Kulusum alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mengine, anakiri, hayakuwa ya kicheko. Siku hiyohiyo mguu wake ukarudi kwenye picha, na kabla ya Idi boksi likawa tupu.

"Mimi nilizani watu wananunua kiatu tu," anasema Shamim, akimpaka mama yake mafuta kisiginoni kabla ya picha nyingine.

Sasa Kulusum anatafuta chumba cha duka Koboko, Shamim akisimamie. Habari zimekwisha kuwafikia wateja, na Stella ndiye wa kwanza kuuliza: "Mguu pia inakuja?"

"Inakuja," Kulusum amemjibu. "Na mwenyewe iko nayo."