Ubao wa Wageni

Lalla Thuraya alikuwa mwalimu wa sayansi mjini Taza, na siku hizo akisikia tu neno "teknolojia", kichefuchefu hicho. Si kwamba hapendi mambo ya kisasa, hapana! Yeye ndiye aliyekuwa anatumia bando lake kuwaonyesha watoto moyo unavyodunda, darasa zima limemlalia mabegani likigombania kioo cha simu moja. Kilichomtia kinyaa ni ule ubao wa kugusa, mkubwa kama mlango, ulioletwa shuleni mwaka jana.

Maana mkuu wa shule, Si Mufaddal (kwao bwana huitwa Si, na bibi Lalla), aliufanya kama sebule ya wageni ya mama yake. Ile yenye makochi mazuri ambayo watoto wa nyumbani hawayakalii hata siku moja. Chumba kikafungwa, ufunguo mfukoni mwake, zulia chini, viatu nje. Nailoni ya kiwandani haijabanduliwa, na juu yake kitambaa alichofuma mkewe. Yaani kitambaa! Kwenye kompyuta!

"Nipe kipindi kimoja tu, Si Mufaddal, niwafundishe moyo."

"Watauchafua, Lalla. Vidole vyao vina mafuta ya zeituni."

"Kwani huo ubao unasubiri kuolewa?"

"Unasubiri mgeni."

Mgeni mwenyewe akaja: mkaguzi, Si Buazza. Na hapo ndipo Thuraya alipobanwa, kwa sababu miaka yote alikuwa anaomba uhamisho wa kwenda Fez, ambako mama yake anaishi peke yake na miguu imeshagoma. Mkaguzi akimsifu, anahama. Mkuu alilijua hilo vizuri sana.

"Sema tu mnautumia kila siku," alimnong'oneza mlangoni. "Fez hiyo hapo, unainusa."

Thuraya alimwangalia kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Lakini akaingia.

Watoto walivua viatu, wakakaa mikono magotini, kimya kama wamekuja kuposa. Chumba kinanuka soksi na keki za lozi alizopangiwa mkaguzi. Thuraya akamwita Ibtisam aonyeshe damu inapoingilia moyoni. Msichana akavuta mkono wa sweta mpaka ukafunika kidole, akaigusa nailoni kwa woga, kama anapima pasi ya moto. Ubao kimya.

"Gusa vizuri, binti," mkaguzi akasema.

"Mkuu kasema tusiache alama, Ustadhi."

Darasa likaangua kicheko.

"Ana haya tu huyu!" Si Mufaddal akaruka. "Kila siku anaugusa!"

Mkaguzi, keki mdomoni, unga wa sukari umemjaa kwenye tai, akapunga mkono. "Haina neno. Shule zote ni hivihivi. Nitaandika mnautumia kila siku. Au siyo, Lalla?"

Na wala si mkuu aliyemchefua Thuraya zaidi, wala yule mlaji keki. Ni kichwa chake mwenyewe, ambacho kilishaanza kuitikia, huku Ibtisam kamkodolea macho.

"Siyo," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Nikiandika hivyo, uhamisho huna."

"Andika."

Kisha akaishika nailoni kwenye kona, akaivuta. Kwaraaa!

"Ole wangu! Dhamana yake ya kiwandani!" Si Mufaddal akashika kichwa.

"Ibtisam, njoo. Kidole kitupu."

Moyo ukatokea, mwekundu, unadunda ukuta mzima, na watoto wakavamia mbele wakisukumana. Thuraya akafundisha mpaka kengele, bila kumtazama mtu mzima yeyote mle ndani.

Jioni akampigia mama yake.

"Yamma, mwaka huu tena siji."

"Umewafanya nini, Thuraya?"

"Wameniuliza, nimewajibu."

"Na wewe nawe! Mdomo huo umeutoa kwa baba yako. Si ungemeza tu?"

"Ningetapika, Yamma."

"Basi mpigie jirani wewe mwenyewe, umwombe aendelee kunipeleka kliniki mwaka mwingine. Mimi naona haya kumwomba tena."

Thuraya akakata simu, akaanza kutafuta namba ya jirani.