Kunywa Mchana, Kintinku

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka kambale wa Kintinku, naamini, wakapanda Kilimatinde kutafuta pakavu. Nyumba za tembe zililainika, zikakaa chini moja moja kama ng'ombe waliochoka. Vyoo vikabomoka, maji yake yakaingia visimani. Baada ya hapo hatukuhitaji mtabiri. Kipindupindu kikaja.

Mimi nilikuwa nesi wa zahanati, mwenye cheti cha kidato cha nne cha masomo ya jioni na mabuti ya mvua ya mitumba, moja la mguu wangu na lingine, kwa maoni yangu, la mguu wa mtu mwingine. Soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu: redio kaseti, viatu vya Ulaya, na maduka ya dawa yaliyouza vidonge kwa rangi. Mtu anaharisha, anapewa viwili vyekundu na kimoja cha njano, anarudi nyumbani kuzidiwa. Kwa kuwa zahanati nazo zilikuwa zimeanza kuchangisha, wengi walipitia dukani kwanza. Kipindupindu tulikitibu bure, lakini habari ya bure haikutembea haraka kama habari ya kulipa.

Maji yalikuwa yamekata reli, kwa hiyo dripu hazikufika. Tulibaki na pakiti za chumvi na sukari, za kuchanganya na maji yaliyochemshwa, na miguu yetu. Nilipita nyumba kwa nyumba, kisha narudi kwenye darasa la shule tulilogeuza wodi. Sikumbuki kulala. Nadhani nililala huku natembea, maana kuna mahali nilifika bila kujua nilipitia wapi.

Na mwezi wenyewe ulikuwa Ramadhani, nami nilikuwa nimefunga. Nilijua kwa hali ile ningeweza kula na kulipa baadaye, lakini nimetoka nyumba ya wafanyabiashara wa Singida mjini, ambako ukiacha siku moja bibi anajua hata kama uko Dodoma.

Mchana mmoja nikafika kwenye nyumba iliyobakiwa na vyumba viwili. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni, kaegemea mhimili, anaanika mpunga uliolowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni sindano, hapa hakuna mgonjwa. Mke wa mwanangu amechoka na saumu tu."

Niliingia. Binti alikuwa kwenye mkeka, macho yamezama, midomo imekauka kama gamba la mti. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama, dalili ya mwili ulioishiwa maji. Alikuwa ameharisha tangu alfajiri. Nikachanganya jagi haraka, nikamwinua kichwa.

"Mdogo wangu, kunywa."

"Nimefunga, dada."

"Mgonjwa hafungi. Dini yenyewe inasema."

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Dini itanielewa. Mama ndiye hatanielewa."

Kidogo kidogo akanieleza. Alitoka Mitundu, alisilimu siku ya ndoa, na hii ndiyo Ramadhani yake ya kwanza. Mama mkwe alikuwa amewaambia majirani kwamba Waislamu wapya hufunga mpaka chungu kichemke tu, kisha wanakula. Basi akaapa kuumaliza mwezi mzima. Alikuwa tayari kufa, ilimradi asisemwe.

Mama alikuwa anasikia. "Nani kamshika mdomo? Anywe! Kwani nimesema nini mimi?"

Lakini binti akageukia ukutani.

Nilikuwa na hotuba nzuri sana ya afya ya jamii, ila nilikuwa nimeshaitoa kijiji kizima na ilikuwa imechakaa kuliko mimi. Nikakaa chini kwenye tope. Nikaomba vikombe viwili, nikajaza vyote, nikasema bismillahi, nikanywa changu mpaka mwisho. Nakuambieni, yale maji ya chumvi yalishuka kooni kama mto.

"He!" Mama akaacha mpunga. "Wewe nesi si ndiye yule wa mjini, wa nyumba za Kiislamu? Unakunywa mchana kweupe?"

"Nakunywa, mama. Na huyu anakunywa. Mkitaka kutusema, anzeni na mimi, mimi ndiye mkubwa."

Binti akacheka, kicheko kidogo kisicho na nguvu. Kisha akapokea kikombe.

Alitapika cha kwanza chote. Tukaanza upya kwa kijiko. Kila akimeza, nami nilimeza, na kutoka mlangoni tulikuwa tunatangazwa kama mpira.

"Kingine hicho! Haya, huo ndio Uislamu wa soko huria!"

Tulikwenda hivyo mpaka jua likaanza kulegea. Binti akaniambia anataka kusimama. Nikamshika mpaka nje, akakojoa. Anayejua kazi yetu anajua furaha hiyo: maji yamerudi mwilini. Nilirudi nikiitangaza kama matokeo ya uchaguzi.

"Mama, amekojoa! Amepona huyu!"

Mama alikuwa ameshuka chini kabisa, mgongo ukutani.

"Mwanangu, usiondoke," akasema. "Na mimi tumbo linaendesha tangu alfajiri."

Nikamshika mkono. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, na huyu ananiangalia?" Akatazama magharibi. "Jua bado kidogo. Tusubiri adhana."

"Mama, adhana itafika. Wewe sina hakika nawe."

Binti ndiye aliyekuja, akijishika ukutani, na kikombe kilichojaa nusu. Akapiga magoti kama wanavyompigia mkwe.

"Karibu, mama. Na mimi nimekunywa."

Mama akajifunika khanga kichwani mpaka usoni, akageukia ndani ili njia isimwone, akanywa. Nikasikia koo lake likifanya kazi humo ndani ya khanga.

"Usimwambie mtu," akasema, akatoa kikombe kitupu.

Nikachanganya jagi lingine. Nililichanganya nikiwa nimekaa palepale mlangoni, kando yake.