Maneno Niliyoyasikiliza Mlangoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuiacha nyuma. Nilikuwa narudi kuchota maji, msichana wa miaka kumi na sita. Nilipofika kwetu, mtaa wa Kilibula mjini Uvira, nikakuta mlangoni viatu vya kiume nisivyovijua, vimekaukiwa na udongo mweusi wa bonde la Ruzizi. Mlango ulikuwa umefungwa mchana kweupe. Ndani baba yangu alikuwa anaongea Kirundi kwa sauti ya chini, na mwanamume mwingine anamjibu.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa tunaishi. Wazazi wangu walitoka Burundi kwa miguu, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Walipofika Uvira, huku Congo, baba aliweka amri moja, kwamba sisi watoto tusiongee Kirundi, hata chumbani. Alikuwa ameshaona jinsi watu wanavyomtegea mgeni sikio akisema neno. Yeye mwenyewe alishindwa kujificha. Alisema "kurara" badala ya kulala, na pale bombani wenzangu walikuwa wananiigizia baba yangu wakicheka. Nami nilicheka nao. Jina langu la Mpawenimana nililiacha nyumbani. Shuleni niliitwa Josefina tu.

Lakini wazazi wenyewe hawakuiacha lugha yao. Waliitumia walipotaka tusijue kitu: ugonjwa, njaa, ugomvi wao. Basi tulikua tukiamini kwamba Kirundi ni lugha ya kufichia mambo. Nikisikia mama anaanza, nilikuwa najiuliza safari hii ni nini.

Siku hiyo niliweka maji chini polepole, nikasimama ukutani. Maneno machache niliyajua, ya kuokota tu. Nikasikia jina langu. Nikasikia "umukobwa", yaani msichana. Halafu yule mgeni akasema, "Tumujane ejo." Hilo nililielewa. Tumpeleke kesho.

Nipelekwe wapi? Mwaka ule rafiki yangu mmoja alikuwa amechukuliwa hivyo hivyo, akapelekwa bondeni kwa mume ambaye hakuwahi kumwona. Nikaunganisha mambo peke yangu, mwanangu. Sikubisha hodi. Sikumwuliza mama, ambaye alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilitoka nikaenda kwa jirani yetu, Mama Feza, mwenye kibutike, kiduka cha sabuni na chumvi. Alinipenda, au nilidhani ananipenda.

"Mbona unakuja mbio?" akaniuliza. "Kwenu iko mugeni?"

"Iko."

"Ametoka wapi?"

"Minye sijue. Banasema Kirundi, banafunga mulango."

Akanipa kiti. Akaniuliza huyo mtu amefika lini, amebeba nini, baba hupokea watu wa namna hiyo mara ngapi. Sauti yake ilikuwa tamu sana. Nilijibu yote, na pale nisipojua nikaongeza cha kwangu, ili anionee huruma. Nilisema wageni huja mara kwa mara. Haikuwa kweli.

Jioni ile ile watu watatu wa ofisi ya mtaa walikuja kumchukua baba pamoja na mgeni wake. Walilala mahabusu siku mbili. Baadaye mama alinisimulia kwamba walimwambia baba, mbele ya watu waliojaa pale, atamke neno "kulala". Akatamka kama alivyozoea. Watu wakacheka. Kwao huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Walipowaachia, baba aliingia nyumbani akakaa kwenye kitanda bila kuvua koti. Karatasi zake zilikuwa zimebaki ofisini, na ameambiwa asitoke mjini mpaka aitwe tena. Yule mgeni alibaki amesimama. Aliniangalia, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kibovu, kibovu kuliko cha baba.

"Ni weye ulienda kusema?"

Mama aliacha alichokuwa anafanya.

"Mimi ni mdogo wa baba yako," akasema, nami nakunyooshea maneno yake. "Ninakaa Sange. Nyanya yako tumemvusha kutoka Burundi, hana karatasi, ni mgonjwa sana. Jina ulilo nalo ni lake. Alisema anataka kumwona huyo msichana mwenye jina lake kabla ya kufa. Baba yako aliogopa kuwaambia ninyi watoto, msije mkasema njiani."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Baba ndiye aliyesema, akiangalia sakafu, "Mpeleke. Minye siwezi kutoka."

Tukapanda gari kesho yake, mimi na baba mdogo. Njia nzima hakunisemesha. Nilimtazama kwa pembeni, na nikwambie ukweli, hata pale nilikuwa bado simwamini. Nilikuwa najisemea, labda ni uongo, labda mume ananingoja huko. Shuku ikishaingia mwilini haitoki kwa sababu umeelezwa.

Nyanya alikuwepo. Alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya nyumba ndogo, mwembamba, macho yake makubwa. Baba mdogo akaniita kwa jina langu lile la nyumbani, na yule mzee akageuza kichwa. Akanishika mkono. Akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu, mwanangu. Alikuwa anapumzika, anavuta pumzi, anaendelea. Mara moja alitabasamu, kama anayesimulia kichekesho. Mara moja machozi yakamtoka, akanibana vidole. Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, ee, ee, sijui ninakubali nini. Alipomaliza nikamgeukia baba mdogo.

"Amesema nini?"

"Anasema ubarikiwe."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Nyanya alifariki siku ya tatu. Baba alikuwa bado Uvira, anangoja kuitwa. Hakumzika mama yake.

Baba mdogo nilimwuliza tena mara nyingi, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Kila mara alisema amesahau. Sikumwamini. Labda nyanya alisema neno la kuniponya, na yeye akanikatalia kwa hasira. Labda alinilaani, na yeye akanihurumia. Amekufa na maneno hayo, nami sitayajua.

Baba hakunipiga wala hakunikumbusha hata siku moja. Ila tangu hapo, nikiingia alipo, alikuwa anapunguza sauti, hata akiwa anaongea Kiswahili. Hilo ndilo lililoniuma miaka yote. Mwaka uliofuata nilikaa jikoni na mama nikamwomba anifundishe Kirundi. Alifunga mlango kwanza, ndipo akaanza.

Ninakusimulia haya kwa sababu juzi, nilipokuja kwako Kasenga, nilimsalimia mjukuu wangu kwa Kirundi, nawe ukamwambia, "Jibu kwa Kifaransa, watu wanasikia." Najua unachoogopa. Sikwambii kwamba watu wameacha kutega masikio; hawajaacha, nami mwenyewe siachi kuwaangalia wanaoniangalia. Ukiwa sokoni, chunga ulimi wako, sikukatazi. Lakini nyumbani kwako usiwe na lugha ambayo mtoto anaijua kwa kuiogopa tu. Mambo utakayomficha kwa lugha hiyo atayajaza mwenyewe, na atayajaza vibaya, kisha atayapeleka kwa mtu mwenye sauti tamu. Mfundishe lugha ya kwetu, mfundishe Kiswahili, mfundishe na Kifaransa. Mwambie babu zake walitoka wapi, na umwambie ni neno gani lisemwe wapi, na kwa nini. Akisikia nusu ya jambo, awe amezoea kuingia na kukuuliza, naye akute mlango uko wazi.

Na weye mwanangu, Mungu akulinde katika mji huu na katika mji wowote utakaohamia. Akupe majirani wasiokupima kwa ulimi. Na siku utakayolala mgonjwa ukiwaita wanao, akujalie wakujibu wenyewe, bila mtu wa katikati.