Tusekile Alipoliliwa Akiwa Hai

Tusekile alikuwa mfinyanzi, Mkisi wa Ikombe aliyeolewa Ngonga kwa Wanyakyusa, na sokoni Mwaya hakuna aliyemweza kwa maneno. Chungu aliuza kwa desturi ya ziwani: ukikitaka, kijaze mahindi, mahindi yabaki kwake, chungu kiwe chako. Aliyejaza nusu aliulizwa kama na kupika atapikia nusu chungu. Enzi hizo za Mjerumani watu walikuwa wamejifunza kunong'ona. Yeye somo hilo lilimpita.

Maumivu yalimwanzia msibani. Alikula nyama iliyonona, na kabla hajafika nyumbani kitu kikambana chini ya mbavu za kulia, kikapanda mpaka begani, akatapika hadi machozi. Kesho yake akawa mzima. Baadaye akala samaki wa mafuta, mbasa, kikamrudia vilevile. Akaelewa kwamba ugomvi wake ni na mafuta, akahamia kwenye ndizi na maharage bila kupenda.

Shemeji yake Aliko, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa na maelezo yake. Kwa Wanyakyusa wa siku zile ilijulikana kwamba mchawi hufuga chatu tumboni, na chatu huyo hurithiwa na watoto. Ndiyo maana mtu akifa kifo cha mashaka, mwenye kisu aliitwa amfungue tumbo, wazee wakachungulia na kutoa hukumu. Aliko hakusema neno mbele ya Tusekile. Alisema tu kwenye pombe kwamba tumbo linaloshtuka likipata nyama huenda lina mlaji mwingine ndani. Maneno yana miguu; yakafika hadi kwa waliokuwa wakimposa Neli, binti wa Tusekile, na posa ikapoa.

Tusekile alikasirika kweli kweli. Kilichomuuma kuliko yote ni kwamba mumewe, Lutengano, aliyasikia akanyamaza. Lutengano hakuwa mtu mbaya, ila mbele ya kaka yake ulimi ulimkauka.

"Nakwenda kwa daktari wa misheni," Tusekile akasema. "Anifungue, watu waone, tumalize."

Akapanda mlima hadi misheni. Daktari, Mjerumani mwenye Kinyakyusa cha kukwaruza, alimlaza, akambonyeza chini ya mbavu na kumwambia avute pumzi. Pumzi ikakatika njiani.

"Nadhani una mawe kwenye mfuko wa nyongo," daktari akasema.

Nyongo Tusekile aliijua; nani aliyewahi kusafisha ng'ombe asiyeijua? "Basi yatoe."

"Mama, siyaoni, nayakisia tu. Wengi huzeeka na mawe yao yamelala. Na kisu kina hatari yake, wapo niliowapasua wasiamke. Maumivu yakija kwa mafuta, acha mafuta. Lakini siku macho yako yatakapokuwa ya manjano na homa ikapanda, njoo mbio. Hapo kungoja ndiko kutakakokuua."

"Na wanaotaka kuona chatu?"

"Simpasui mtu kwa ajili ya majirani zake."

Jibu hilo lilimpendeza. Alikuwa amepanda mlima na hasira, na hasira si ugonjwa wa kupasuliwa. Alirudi Ngonga akawaambia waliokuwa na hamu kwamba tumbo lake halifunguliwi kwa umbea, wangoje kama yeye anavyongoja.

Masika ya mwaka uliofuata, bila mafuta wala nyama, maumivu yakaja na hayakuondoka. Homa ikapanda, akatetemeka chini ya nguo zote za nyumba. Neli alimtazama machoni asubuhi, akafunika mdomo. Macho yalikuwa ya manjano.

"Niiteni kaka zangu wa Ikombe wanibebe," Tusekile akasema.

Hapo Lutengano akapata ulimi, na akautumia vibaya. "Anayefunguliwa ni maiti, mama Neli. Mimi sikupeleki ukachinjwe."

"Niliambiwa nisubiri, nikasubiri. Leo ni ile siku niliyoambiwa nisisubiri. Daktari yuleyule, maneno yaleyale. Kama nilimwamini aliponirudisha, nitamkataaje anaponiita?"

Aliogopa, asidanganye mtu. Lakini woga aliupima dhidi ya homa, akaona homa ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kaka zake wakamweka kwenye machela, Neli akafuata nyuma. Lutengano alibaki amesimama migombani.

Daktari alimuuliza mara ya mwisho kama ameridhia.

"Maji nimeshayavulia nguo," akajibu. "Ila nikiamka, mawe ni yangu. Usiyatupe."

Akaamka. Kidonda kilimchoma kama moto wa kuchomea vyungu, lakini ile kabali ya chini ya mbavu ilikuwa imekwisha, na siku zilivyokwenda macho yakaanza kurudia weupe wake.

Ndipo kaka yake mmoja akateremka Ngonga kupeleka habari. Alisema yaliyotokea: daktari amemfungua, ametoa mfuko wa nyongo, anaendelea vizuri, anakunywa uji. Watu wakamtazama kwa huruma. Ngonga nzima haikuwa na mtu aliyewahi kufunguliwa akaishi, na kila mtu mzima alijua kwamba habari ya kifo haitolewi moja kwa moja. Kadiri alivyosisitiza kwamba dada yake anakunywa uji, ndivyo bibi vizee walivyozidi kumsifu kwa kujikaza. Alipoanza kuapa, kilio kikammeza.

Kwa hiyo Tusekile, akiwa kitandani misheni, alisikia maombolezo yakipanda mlima.

"Nani amekufa?" akauliza.

Neli akatoka kuangalia, akarudi ameshikilia mlango. "Ni wewe, mama."

Akajiinua, akamshika Neli bega, akatoka barazani hatua kwa hatua. Uani kulikuwa na wanawake waliojifunga majani ya migomba viunoni, wanaume na mikuki yao, dume la ng'ombe la msiba, na mbele kabisa Lutengano, amejipaka udongo usoni, akilia kwamba alimwacha mke wake aende peke yake. Alipomwona, sauti ikakatika. Waliokuwa nyuma waliendelea kulia kidogo, mpaka nao wakaona.

"Ndaga," Tusekile akawashukuru. "Mmenililia vizuri."

Aliko ndiye aliyejikwamua kwanza. "Shemeji, daktari alikuta nini?"

Tusekile akafungua kitambaa alichopewa na daktari, akammiminia mawe kiganjani, madogo, ya rangi ya kahawia, yamelainika kama kokoto za ufukweni. "Yachunguze vizuri. Ukikuta lenye macho na mkia, niite."

Aliko akayachunguza, akayageuza kwa kidole. Wazee nao walisogea wakachungulia, kama walivyozoea kuchungulia.

"Mmeona," Tusekile akasema. "Sasa siku nitakapokufa kweli, mwenye kisu abaki kwake. Neli asije akasimama kungoja hukumu. Mama yake alishafunguliwa, na mwenyewe alikuwepo."

Aliko akakohoa. "Mambo hayo wataamua wazee, wakati wake ukifika."

Lutengano akamsogelea kaka yake, akamfungua kiganja, akayatwaa mawe yote.

"Yameshaamuliwa," akasema.