Pua Yangu Kwenye Sanamu ya Soko

Asubuhi moja nilikutana na mimi mwenyewe mbele ya lango la soko.

Mimi nilikuwa nimebeba kompresa ya friji begani. Yeye alikuwa hajabeba kitu. Alikuwa na urefu wa mlango mara mbili, amekunja mikono kifuani, ametengenezwa kwa saruji.

Upepo ulikuwa umeng'oa turubai walilomfunikia.

Sura yangu. Taya langu. Na pua yangu hiihii, iliyopinda kushoto kama bomba la sinki.

"Fundi!" muuza nyanya akapiga kelele. "Kumbe yule mzee ni wa kwenu, na hukutuambia!"

Tuelewane kwanza. Mimi ni fundi wa mafriji. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo maneno makubwa msiyatafute hapa. Na huyo mzee ndiye mwanzilishi wa soko letu. Inasemekana zamani askari walikuja kulivunja, akasimama langoni peke yake, wakageuza njia. Kila mtoto anaijua hadithi hiyo. Sura yake tu ndiyo hakuna aliyeijua, maana hakuacha picha hata moja.

Nikatua kompresa, nikatoka mbio hadi kwa mchongaji. Karakana yake imepakana na yangu.

"Umenifanya nini wewe?"

Akaacha kunywa chai. "Turubai limetoka?"

"Nimetoka mimi! Nimesimama sokoni kama jini!"

"Sikiliza, kaka. Kamati ilitaka sura ya mtu asiyetikisika. Na wewe kila siku uko hapo dirishani, unaikodolea macho friji mbovu bila hata kupepesa. Nikachonga."

"Si ungechonga sura yako?"

"Hii?" Akajishika shavu. "Hii hata mke wangu haiamini."

"Na pua je? Ulishindwa hata kuninyooshea?"

"Pua ndiyo sanamu yenyewe, kaka. Ukiinyoosha, anabaki karani."

Pua yangu ilivunjwa na mlango wa friji. Mteja mmoja, ambaye nitamtaja baadaye, aliufungua kwa hasira wakati nimeinama. Basi. Ushujaa hapo haukuwepo hata chembe.

Nikarudi sokoni nimejiandaa kusema ukweli. Nikakuta mwalimu wa historia ameshafika na darasa zima.

"Angalieni pua," anawaambia. "Mnadhani ilipindaje? Hapo ndipo kitako cha bunduki kilipotua, alipokataa kuondoka langoni!"

Wanafunzi wakaandika. Mmoja akafuta machozi.

Jamani, na mimi machozi yakanilenga. Pua ilivunjika nikiwepo, na bado nilimwamini yule mwalimu.

Nikafunga mdomo.

Wiki haijaisha, mwalimu ameitungia pua shairi. Watoto wanalikariri kabla ya masomo. Wachora mabango wakaichora kwenye milango ya maduka. Wapagazi wakawa wananipigia saluti na magunia kichwani. Kinyozi akagoma kuninyoa mpaka nikae kiti cha dirishani, wapita njia wanione.

Halafu wakaanza kuniletea kesi.

Muuza nyanya na muuza vitunguu walikuwa wanagombania kivuli cha mwavuli mmoja. Mimi wa zamani ningewaambia, pigeni ngumi, atakayebaki wima achukue. Nikafungua mdomo niseme hivyo. Nikaiona sanamu juu ya mabega yao, inaniangalia.

"Haya," nikasema, "mmoja aanze. Polepole."

Nikasikiliza mpaka mwisho. Wakapatana! Nusura nijipigie makofi.

Mnashangaa? Nilikuwa mtu wa kutukana wateja mimi. Ila jaribu kumtukana mtu mahali ambapo wewe mwenyewe umesimama juu, umekunja mikono, unasikiliza. Tusi linakwama kooni.

Sasa nimfikie mama mkwe.

Tangu nimuoe binti yake alikuwa ananiita "huyu". Huyu amekula? Huyu anaondoka saa ngapi? Na mimi nimekaa palepale. Siku moja akaja sokoni, akaitazama sanamu, akanitazama mimi, akairudia sanamu. Akasema:

"Baba, umekula?"

Nikageuka nyuma kuangalia anaongea na nani.

Neno hilo moja lilinilevya, ndugu zangu. Nilitembea kama mtu aliyevuta gesi ya friji. Nikawa napiga mluzi. Nikanunua shati lenye kola.

Halafu mwenyekiti wa soko akatangaza kwa kipaza sauti: mjukuu wa mwanzilishi amepatikana! Bibi kizee, aliyelelewa na babu yake mwenyewe. Yeye ndiye atakayezindua sanamu.

"Na akisema siye," mwenyekiti akaongeza, "tunaivunja siku hiyohiyo."

Nikamkuta mchongaji anakunja nguo.

"Tukimbie, kaka."

"Kimbia wewe. Mimi sura hii nitaikimbizia wapi?"

Nyundo sikuiogopa. Nilichoogopa ni kurudi kuwa "huyu".

Siku ikafika. Turubai likarudishwa ili livutwe tena kwa heshima. Bibi akashuka kwenye gari, mwembamba kama kijiti, miwani minene, fimbo mkononi. Akalivuta turubai, akaizunguka sanamu taratibu. Soko zima kimya, hata kuku wa kwenye matenga.

Akasimama chini ya pua.

"Babu!" akalia, akaikumbatia miguu ya saruji.

Soko likalipuka! Vigelegele vya mama mkwe vilitangulia vya wote. Mchongaji akazimia, kwa furaha au kwa njaa, sijui mpaka leo.

"Nasikia hapa kuna mtu wa damu yake," bibi akasema. "Aje nimkumbatie."

Nikasukumwa mbele. Akanikaba shingo, akaninong'oneza:

"Wewe ni nani, mshenzi wewe?"

"Fundi friji. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na hiyo pua?"

"Mlango wa friji."

Mwili wake ukaanza kutetemeka. Watu wakadhani analia. Bibi anacheka!

"Babu yangu pua yake ilinyooka kama rula," akasema. "Na askari walipokuja, alitoroka kwa dirisha la nyuma. Aliniambia mwenyewe. Waliosimama langoni ni wachuuzi, watu kama wewe, wala hakuna aliyeandika majina yao. Askari walipoondoka, babu akatokea na kopo la rangi, akaandika lake juu ya lango."

"Sasa mbona umesema ndiye?"

"Nimeiona sura ya mtu aliyesimama. Ningeivunja ili nimweke yule wa dirishani? Ila nikisikia umeonekana umelewa barabarani na sura hiyo, nyundo nitakuja nayo mimi."

Niliondoka pale nacheka peke yangu. Nikapitia kwa mwalimu, nikamwambia shairi lake limepungukiwa: langoni walisimama wachuuzi, kundi zima. Akauliza nimeyatoa wapi. Nikamwambia, kwa mjukuu. Ubeti ukaongezwa.

Jioni mama mkwe akaniwekea chai. Baba kunywa, baba ongeza sukari. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, mimi si wa ukoo ule. Hii pua..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Huo mlango si niliufungua mimi? Friji ilikuwa yangu."

Nikatua kikombe. Miaka yote hiyo nilidhani amesahau.

"Sasa hii 'baba' ni ya nini, mama?"

"Zamani ulikuwa unaingia hapa kama umekuja kukamata mtu. Tangu wakusimamishe pale unabisha hodi, unakaa, unasikiliza. Mambo ya sanamu waachie wenye soko. Mimi namwita huyu aliyekaa hapa."

Akanisogezea sahani ya mkate.

"Ila ukirudia ya zamani, baba, nina friji nyingine."

Somo langu ni fupi. Angalieni mnachokisimamisha langoni, na mnachowakaririsha watoto asubuhi. Mtu akikitazama kila siku, anaanza kufanana nacho, hata kama yeye ndiye aliyechongwa.

Na mkimtengenezea mama mkwe friji, kaeni pembeni ya mlango. Mimi nilipata sanamu. Ninyi mtabaki na pua tu.